Profesa Albert Neisser, daktari wa ngozi wa Breslau: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Albert Neisser alikuwa nani?

Albert Ludwig Sigesmund Neisser (1855–1916) alikuwa daktari Mjerumani wa magonjwa ya ngozi na ya zinaa, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Breslau kuanzia mwaka 1882 hadi alipofariki. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 24, aligundua bakteria wanaosababisha kisonono. Baadaye alishiriki kutafuta kipimo cha kwanza cha damu cha kaswende, na akawa miongoni mwa watu walioitoa elimu ya ngozi pembezoni mwa tiba na kuipatia kiti chake chuoni. Ndiye pia daktari ambaye majaribio yake kwa wanawake ambao hakuna aliyewauliza yaliisukuma serikali ya Prussia kutoa, mwishoni mwa mwaka 1900, agizo la mapema kabisa la dola kuhusu ridhaa ya mtu anayefanyiwa utafiti. Wapo wanaomsimulia kwa sifa za maabara peke yake, na wapo wanaomtaja katika mihadhara ya maadili peke yake. Maelezo yanayofuata hayamgawanyi, kwa sababu pupa ileile ya kutaka kuwa wa kwanza inaonekana pande zote mbili.

Je, alikuwa Mjerumani au Mpoland?

Swali hili huzuka kwa sababu ya ramani. Neisser alizaliwa tarehe 22 Januari 1855 katika mji wa Schweidnitz, jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya ufalme wa Prussia. Mji huo sasa unaitwa Świdnica na uko Poland, kama ilivyo kwa Breslau, ambao tangu mipaka ibadilike mwaka 1945 unaitwa Wrocław. Yeye mwenyewe aliishi maisha yake yote kama raia wa Prussia, na baada ya mwaka 1871 wa dola la Ujerumani. Aliandika kwa Kijerumani na alitumikia chuo cha Kijerumani. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba yake, Moritz Neisser, alikuwa daktari. Mama yake alifariki Albert akiwa bado mtoto mchanga, naye akalelewa na mama wa kambo.

Alisoma wapi, na alikuwa mwanafunzi wa namna gani?

Shule ya awali aliisomea Münsterberg, kisha akaingia shule ya sekondari ya Mtakatifu Maria Magdalena mjini Breslau, ambako alikuwa pamoja na kijana mwingine wa Silesia, Paul Ehrlich, ambaye baadaye angekuja kuwa bingwa wa kemia ya tiba. Masomo ya udaktari aliyafanya kwa sehemu kubwa Breslau, na kwa muda mfupi Erlangen, akahitimu mwaka 1877. Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara. Inasimuliwa kwamba somo la kemia lilimlazimu arudie mtihani. Hata hivyo, bahati yake ilikuwa mahali alipokuwa. Breslau ya miaka ya 1870 ilikuwa na Julius Cohnheim aliyefundisha patholojia, Carl Weigert aliyekuwa akijaribu kutia rangi bakteria ndani ya nyama za mwili, na mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn, ambaye mwaka 1876 alimpokea daktari wa wilaya asiyejulikana, Robert Koch, alipokuja kuonyesha mbele ya wataalamu hao jinsi bakteria wa kimeta wanavyokua. Kijana aliyesomea hapo alijifunza mapema kwamba ugonjwa unaweza kuwa na mdudu wake mmoja, na kwamba mdudu huyo anaweza kuonekana iwapo mtu ana rangi sahihi na lenzi nzuri.

Kwa nini alichagua magonjwa ya ngozi?

Hakuyachagua. Alitaka kuwa daktari wa magonjwa ya ndani, lakini hakupata nafasi ya msaidizi katika idara hiyo. Nafasi iliyokuwapo ilikuwa kwa Oskar Simon, aliyeongoza kliniki ya ngozi ya Breslau, naye akaichukua. Wakati huo elimu ya ngozi ilikuwa na heshima kubwa Vienna, kwa kazi ya Ferdinand von Hebra, lakini katika vyuo vingi vya Ujerumani ilihesabiwa kuwa tawi dogo. Wagonjwa wa zinaa walilazwa katika wodi hizohizo, kwa kuwa kaswende hujionyesha kwanza kwenye ngozi na sehemu za siri, na madaktari wenye majina hawakupenda kuonekana nao. Kwa hiyo kijana mwenye tamaa ya utafiti alikabidhiwa wodi iliyojaa magonjwa ambayo chanzo chake kilikuwa hakijulikani, na ambayo washindani wake walikuwa wakiyapita kando.

Aligunduaje bakteria wa kisonono?

Alichukua usaha wa wagonjwa, akaupaka juu ya kioo, akauacha ukauke, akautia rangi ya urujuani, kisha akautazama kwa hadubini ya kampuni ya Zeiss ya Jena iliyokuwa na kikusanya mwanga cha Ernst Abbe na lenzi mpya ya kuzamishwa katika mafuta. Lenzi ya aina hiyo ilikuwa imeingia sokoni mwaka mmoja tu kabla. Alichokiona kilikuwa vijidudu vya duara vilivyokaa viwiliviwili, pande zao bapa zikitazamana kama nusu mbili za punje ya buni, na vingi vikiwa ndani ya seli za usaha. Alivikuta kwa wanaume wenye kisonono, kwa wanawake, na katika usaha wa macho ya watoto wachanga; katika usaha wa magonjwa mengine hakuvikuta. Makala yake ya mwaka 1879 ilikuwa fupi na yenye tahadhari: alisema ameona aina ya kijidudu kilicho mahususi kwa kisonono, na hakudai kwamba tayari amethibitisha kuwa ndicho chanzo.

Tahadhari hiyo inastahili kutajwa, kwa kuwa baadaye hakuionyesha kila mara. Uthibitisho ulikuja kwa hatua. Ehrlich alivipa vijidudu hivyo jina la gonokoki, na Ernst Bumm alifanikiwa kuvikuza katika maabara mwaka 1885. Mwaka huohuo Mwitaliano Vittore Trevisan alilipa kundi zima la bakteria hao jina la Neisseria, jina ambalo limebaki.

Ugunduzi huo ulibadilisha nini kwa wagonjwa?

Kwa tiba, ulibadilisha kidogo mwanzoni. Kwa utambuzi wa ugonjwa, ulibadilisha karibu kila kitu. Katika karne ya 18 John Hunter wa London aliamini kwamba kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Philippe Ricord wa Paris aliyatenganisha mwaka 1838 kwa uchunguzi wa kliniki, lakini bado madaktari wengi waliona kisonono kuwa usumbufu mdogo wa vijana wa kiume unaokwisha wenyewe. Hadubini ilionyesha kwamba bakteria hubaki hata maumivu yanapokwisha, na kwamba mume anayejiona amepona anaweza kumwambukiza mkewe, ambaye huenda asione dalili yoyote hadi pale anapokosa uzazi. Emil Noeggerath alikuwa ameyasema hayo mwaka 1872 na wenzake wakamdharau. Sasa kulikuwa na kitu cha kuonyesha kwenye kioo.

Faida iliyo wazi zaidi iliwafikia watoto. Kisonono cha mama huingia machoni mwa mtoto wakati wa kuzaliwa na kilikuwa chanzo kikubwa cha upofu Ulaya. Carl Credé wa Leipzig alianza mwaka 1880 kudondoshea watoto wachanga maji ya nitrati ya fedha machoni, na ugunduzi wa Neisser ulieleza kwa nini dawa hiyo ilifanya kazi. Mafuta ya tetrasaiklini ambayo wauguzi katika vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki huwapaka watoto machoni mara baada ya kuzaliwa ni mwendelezo wa desturi hiyohiyo, ingawa dawa imebadilika.

Kwa watu wazima, Neisser alileta mwaka 1897 dawa ya Protargol, mchanganyiko wa fedha na protini uliosukumwa ndani ya mrija wa mkojo. Ilikuwa afadhali kuliko zilizotangulia, lakini tiba ya uhakika ilisubiri viuavijasumu vya katikati ya karne ya 20. Leo hata viuavijasumu vinashindwa kimoja baada ya kingine, kwa sababu gonokoki ni hodari wa kujenga usugu.

Ni nani hasa aliyegundua bakteria wa ukoma, Hansen au Neisser?

Ni Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, Norwei. Aliwaona mwaka 1873 katika vinundu vya wagonjwa wake na akachapisha mwaka 1874, lakini hakuweza kuwatia rangi vizuri, na maandishi yake yalikuwa ya mtu anayejihadhari mno. Neisser alimtembelea mwaka 1879, muda mfupi baada ya kufanikiwa na gonokoki. Hansen alimpokea kwa ukarimu na kumpa sampuli nyingi za wagonjwa. Neisser alirudi nazo Breslau, akazitia rangi kwa njia alizozijua, akawaona bakteria wazi kabisa, kisha akachapisha kana kwamba ugunduzi ni wake, huku mwenyeji wake akitajwa kwa uchache usiolingana na mchango wake.

Hansen alijibu mwaka 1880 kwa makala iliyoeleza hatua kwa hatua utafiti wake tangu mwanzo. Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba picha zilizowashawishi madaktari wa Ulaya zilikuwa za Neisser: bila rangi yake, madai ya Hansen yangeendelea kutiliwa shaka kwa muda. Lakini kuonyesha vizuri kitu ulichokabidhiwa na mwenzako si sawa na kukigundua, na wataalamu wa wakati huo hatimaye waliamua hivyo. Ukoma ndio unaoitwa pia ugonjwa wa Hansen.

Mgogoro huu una upande mwingine usiotajwa mara nyingi. Mwezi Novemba 1879 Hansen mwenyewe, akitaka kuthibitisha kwamba ukoma huambukiza, alimchoma mgonjwa mmoja wa kike jichoni kwa chombo chenye uchafu wa ukoma bila kumwomba ruhusa. Mwaka 1880 mahakama ya Bergen ilimtia hatiani na akapoteza nafasi yake ya udaktari hospitalini, ingawa alibaki afisa mkuu wa ukoma nchini. Kwa hiyo wanaume wawili waliogombania bakteria mmoja waliishia wote kuadhibiwa kwa kosa la aina moja, na Neisser, aliyekuwa na kila sababu ya kufuatilia habari za mpinzani wake, alikuwa na miaka 12 ya kujifunza kutokana na kisa hicho kabla hajafanya la kwake.

Alipata uprofesa lini?

Alipata ruhusa ya kufundisha chuoni huko Leipzig mwaka 1880. Oskar Simon alipofariki mwaka 1882, Neisser aliitwa Breslau kuchukua nafasi yake akiwa na miaka 27, kwa cheo cha profesa asiye na kiti kamili. Kiti kamili cha magonjwa ya ngozi na zinaa alikipata mwaka 1907 tu. Robo karne kati ya vyeo hivyo viwili haikutokana na uzembe wake. Vyuo vya Ujerumani vilichelewa mno kukubali kwamba ngozi ni somo linalojitegemea, na kwa maprofesa wa asili ya Kiyahudi milango ya vyeo vya juu ilifunguka kwa uzito zaidi. Wakati huo wote alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Ujerumani, kilichofanya mkutano wake wa kwanza Prague mwaka 1889.

Kliniki yake ilikuwaje?

Mwanzoni alifanya kazi katika Hospitali ya Allerheiligen ya mjini, katika vyumba vilivyobana. Jengo jipya la kliniki, lililofunguliwa mwaka 1892, lilikuwa na wodi, maabara, ukumbi wa kufundishia na nafasi ya wanyama wa utafiti chini ya paa moja, mpangilio ambao wageni kutoka nchi nyingi walikuja kuutazama. Kwa ajili ya mafunzo, fundi Alfons Kröner alitengeneza sanamu za nta zilizofinyangwa moja kwa moja juu ya miili ya wagonjwa na kupakwa rangi ya ngozi halisi, ili mwanafunzi aweze kuona upele ambao siku hiyo hakuna mgonjwa anayeuonyesha. Neisser alisimamia pia atlasi ya picha za kutazamwa kwa macho mawili ili zionekane zimeinuka. Alijua kwamba daktari wa ngozi hufunzwa kwanza kwa jicho.

Ni nini hasa kilichotokea mwaka 1892?

Neisser alikuwa akitafuta kinga ya kaswende. Katika miaka hiyo Emil von Behring alikuwa ameonyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyepata kinga dhidi ya dondakoo yanaweza kumkinga mwingine, na wazo la seramu lilikuwa limewavutia watafiti wote. Neisser alichukua majimaji ya damu ya watu wenye kaswende, yasiyo na seli, akayadunga kwa wanawake na wasichana 8 waliokuwa hospitalini kwa sababu nyingine. Baadhi yao walikuwa bado watoto. Wengine walikuwa vijana waliojiuza. Hakuna aliyeambiwa alichodungwa, na hakuna aliyeombwa ruhusa.

Wanne kati yao, wale waliokuwa makahaba, walipata kaswende baadaye. Neisser alichapisha matokeo hayo mwaka 1898, kwa hiari yake, na akaeleza kwamba seramu haikuwakinga, wala si yeye aliyewaambukiza: walipata ugonjwa, alisema, kutokana na kazi yao. Huenda kwa upande wa sayansi alikuwa sahihi, kwa kuwa haiwezekani leo kuthibitisha ni njia ipi iliyowaambukiza. Lakini hoja hiyo yenyewe inaeleza mengi kuliko alivyokusudia. Ili iwe na nguvu, ilibidi msomaji akubali kwamba kwa mwanamke anayejiuza kaswende ni jambo la kutarajiwa, na kwa hiyo jaribio juu yake halimgharimu kitu. Watu waliochaguliwa walikuwa wale ambao hakuna ndugu mwenye uwezo angekuja kuwaulizia.

Je, aliadhibiwa?

Ndiyo, lakini kwa wepesi. Magazeti yaliichukua habari hiyo mwaka 1899, mengine kwa hasira ya kweli na mengine kwa chuki dhidi ya Wayahudi, kwa kuwa jina la daktari liliwapa walichokitafuta. Bunge la Prussia lilijadili suala hilo, mwendesha mashtaka akachunguza, na hatimaye mahakama ya nidhamu ya watumishi wa umma ikamtoza faini ya marki 300. Msingi wa hukumu ndio ulio muhimu zaidi kuliko kiasi. Mahakama ilikubali kwamba mtaalamu wa hadhi yake huenda aliamini kwa dhati kuwa sindano hazina madhara; ikasema kwamba hata hivyo alipaswa kuomba ridhaa. Nia njema ya daktari haikuhesabiwa kuwa mbadala wa kauli ya mgonjwa.

Wenzake wengi wa vyuoni walimtetea. Aliyejitenga nao kwa uwazi ni Albert Moll, daktari wa magonjwa ya akili wa Berlin, ambaye alikusanya mamia ya mifano ya majaribio yasiyo ya tiba kutoka katika machapisho ya kitabibu, na mwaka 1902 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu maadili ya udaktari. Mkusanyo wake ulionyesha kwamba Neisser alikuwa amefanya jambo ambalo wengi walilifanya. Tofauti ni kwamba lake lilifika magazetini. Mtu anaweza kulisoma hilo kama utetezi. Mimi nalisoma kama shtaka lililopanuliwa.

Agizo la mwaka 1900 lilisema nini, na je, lilifuatwa?

Tarehe 29 Desemba 1900 waziri wa Prussia aliyesimamia mambo ya dini, elimu na tiba aliwaagiza wakuu wa kliniki kwamba hatua yoyote ya kitabibu isiyo ya uchunguzi wa ugonjwa, tiba au chanjo isifanywe kwa mtu aliye chini ya umri wa utu uzima au asiye na uwezo kamili wa kuamua. Isifanywe kwa mtu ambaye hajatoa ridhaa yake waziwazi. Na isifanywe kabla mtu huyo hajaelezwa vya kutosha madhara yanayoweza kutokea. Ni mkuu wa kliniki peke yake, au aliyepewa idhini naye, aliyeruhusiwa kufanya utafiti wa namna hiyo, na kila hatua ilipaswa kuandikwa katika kumbukumbu za mgonjwa.

Ukilisoma agizo hilo leo unaweza kudhani limeandikwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Hata hivyo halikuwa sheria yenye adhabu, na uzito wake kwa kazi ya kila siku ya kliniki ulikuwa mdogo. Mwaka 1931 serikali ya Ujerumani ilitoa miongozo mipya, mirefu na mikali zaidi, kuhusu tiba mpya na majaribio kwa binadamu. Miongozo hiyo ilikuwapo kwenye karatasi wakati madaktari wa utawala wa Nazi walipofanya majaribio yao kambini. Kwa hiyo anayedai kwamba kabla ya hukumu ya Nuremberg ya mwaka 1947 dhidi ya madaktari hao hakuna aliyejua kuwa ridhaa inahitajika, hana hoja: katika nchi hiyohiyo jambo hilo lilikuwa limeandikwa mara mbili.

Kwa nini alikwenda Java?

Mwaka 1903 Ilya Metchnikoff na Émile Roux walionyesha mjini Paris kwamba sokwe anaweza kuambukizwa kaswende. Kwa Neisser hii ilikuwa njia ya kuendelea na utafiti bila kuwagusa tena binadamu, lakini nyani wakubwa walikuwa ghali Ulaya na walikufa upesi kwa baridi na kifua kikuu. Akaamua kuwafuata walikokuwa. Mwaka 1905 alisafiri hadi Batavia, mji ambao sasa ni Jakarta, katika koloni la Uholanzi, na akarudi tena huko 1906 hadi 1907 na kundi la wasaidizi, akifanya majaribio kwa orangutani, giboni na nyani wadogo wengi. Alithibitisha kwamba ugonjwa husambaa mapema katika viungo vya ndani kama wengu na uboho, jambo lililomaanisha kwamba kukata kidonda cha kwanza hakutoshi kuuzuia.

Wakati huohuo, mwezi Machi 1905, mwanazuolojia Fritz Schaudinn na daktari wa ngozi Erich Hoffmann walikiona mjini Berlin kijidudu chenyewe cha kaswende, chembamba na kilichojipinda, ambacho Neisser alikuwa amekitafuta kwa miaka bila mafanikio. Ushindi mmoja usiotarajiwa wa safari yake haukuhusu kaswende kabisa: mwaka 1907 watu wa msafara wake Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek waliona, katika seli za macho ya wagonjwa wa trakoma, vivimbe vidogo vya kimelea ambacho sasa tunakiita klamidia.

Kipimo cha Wassermann kilimhusu vipi?

Makala ya Mei 1906 iliyotangaza kipimo hicho ina majina matatu: August von Wassermann wa Berlin, Neisser, na Carl Bruck, aliyekuwa msaidizi wa Neisser. Njia ya maabara ilitoka Berlin; Neisser alileta wagonjwa, sampuli na ujuzi wa kaswende. Wazo lilikuwa kwamba damu ya mgonjwa ina kingamwili zitakazoshikana na kimelea na kutumia protini fulani ya damu ambayo kutokuwapo kwake kunaweza kupimwa. Kwa kuwa kijidudu hakikukuzika maabara, walitumia ini la vichanga waliokufa kwa kaswende.

Muda mfupi baadaye ilibainika kwamba ini la mtu asiye na kaswende, hata moyo wa ng'ombe, hutoa majibu yaleyale. Kipimo kilikuwa kikifanya kazi kwa sababu tofauti na ile waliyoidhania: kinachoshikwa ni aina ya mafuta yaliyomo katika seli. Ndiyo maana vipimo vya ukoo huo, pamoja na VDRL na RPR vilivyotumika kwa miongo mingi katika kliniki za wajawazito, wakati mwingine huonyesha kaswende kwa mtu mwenye malaria au ukoma, na jibu chanya huhitaji kuthibitishwa kwa kipimo cha aina nyingine.

Alikuwa na msimamo gani kuhusu ukahaba na sheria?

Mwaka 1902 Neisser na Alfred Blaschko wa Berlin walikuwa viongozi wa chama kipya cha Ujerumani cha kupambana na magonjwa ya zinaa, Neisser akiwa mwenyekiti. Chama kilitoa vijitabu, mihadhara na maonyesho wakati ambapo kulitaja neno kaswende hadharani kulihesabiwa utovu wa adabu. Wakati huo polisi waliwasajili makahaba na kuwalazimisha kupimwa. Neisser aliona mfumo huo haufai kwa kuwa ulihangaika na adhabu kuliko afya, akataka usimamizi uhamie kwa vyombo vya tiba na mgonjwa asiye na pesa atibiwe bure. Hakuwa mtetezi wa uhuru wa wanawake hao. Bado alitaka waweze kulazimishwa kutibiwa, na watetezi wa haki za wanawake waliotaka usimamizi wote ufutwe walimpinga. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1927, iliyowaondoa polisi wa maadili katika suala hili, ilikuja zaidi ya miaka 10 baada ya kifo chake.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwaje?

Mwaka 1883 alimwoa Toni Kauffmann, mpenzi wa sanaa na muziki. Jumba lao la karibu na bustani ya Scheitnig, lililokuwa na chumba cha muziki kilichochorwa na Fritz Erler, lilikuwa mahali pa kukutania wasanii. Mwandishi Gerhart Hauptmann alikuwa miongoni mwa wageni. Toni alifuatana na mumewe hadi Java. Alifariki mwaka 1913.

Alifariki vipi?

Alifariki Breslau tarehe 30 Julai 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa maambukizi ya damu yaliyofuata matatizo ya mawe katika njia ya mkojo. Alikuwa na umri wa miaka 61.

Je, alipata Tuzo ya Nobel?

Hapana. Behring, Koch, Metchnikoff na rafiki yake Ehrlich waliipata, yeye hakuipata.

Wanafunzi wake walikuwa akina nani?

Josef Jadassohn, aliyejulikana kwa kazi yake kuhusu mzio wa ngozi na kipimo cha kubandika dawa mgongoni, alirudi kutoka Bern mwaka 1917 kushika kiti cha mwalimu wake. Alifariki Zürich mwaka 1936. Abraham Buschke alikuwa bingwa wa ngozi Berlin, na Karl Herxheimer alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kitivo cha tiba cha Frankfurt. Jina la Herxheimer bado hutajwa kila mgonjwa wa kaswende anapopata homa na baridi saa chache baada ya sindano ya kwanza, hali inayoitwa jina lake na la Jadassohn. Buschke na Herxheimer walikuwa Wayahudi. Utawala wa Nazi ulimpeleka Herxheimer, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, katika kambi ya Theresienstadt, ambako alifariki Desemba 1942, na Buschke akafia hukohuko Februari 1943. Kiwango kikubwa cha madaktari wa ngozi wa Ujerumani walikuwa Wayahudi, kwa sababu ileile iliyotajwa juu: tawi lililodharauliwa lilikuwa na milango isiyobana sana. Fani hiyo nchini humo ilichukua miongo kupona pengo lililoachwa na waliouawa na waliokimbia.

Je, rangi ya Neisser inayotumika kutambua bakteria wa dondakoo ni yake?

Hapana. Ni ya Max Neisser, mwanabakteriolojia aliyefanya kazi Frankfurt. Yuko pia Clemens Neisser, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Schweidnitz vilevile. Maandishi mengine huwachanganya watatu hawa, hasa pale jina linapoandikwa kwa ukoo tu. Kwa hiyo anayetafuta habari za profesa wa ngozi aangalie jina la kwanza na mji wa Breslau. Bakteria wa uti wa mgongo, Neisseria meningitidis, nao hawakugunduliwa na Albert bali na Anton Weichselbaum wa Vienna mwaka 1887. Waliingizwa baadaye katika kundi lenye jina lake.